Mke wangu aliungama uzinzi siku tisa baada ya kujifungua, na mimi nikaamini

Wakuu, poleni na kazi huko mliko.

Mimi humu ni msomaji tu wa siku nyingi, sichangii. Leo nimeamua kuandika. Ni kweli tupu, na humo ndani sina sehemu hata moja ya kujisifu. Wengi mtanitukana. Tukaneni, ruksa, ila someni kwanza mpaka mwisho.

Niko Kolwezi, Kongo, huku kwenye shaba na kobalti. Kiswahili chetu kimepinda kidogo, mnivumilie. Kazi yangu ni kutengeneza pampu na kompresa, zile mashine za wachimbaji wadogo za kutoa maji shimoni na kupeleka hewa chini. Hao wachimbaji huku tunawaita creuseur.

Msidhani mashimo yako porini huko. Mtaani kwetu watu wanachimba ndani ya viwanja vyao, nyuma ya jiko, wengine sebuleni kabisa. Ukiona turubai la rangi ya chungwa uani kwa mtu, chini yake kuna shimo, na njia za hilo shimo zinaweza kupita chini ya nyumba za majirani. Ndivyo tunavyoishi.

Mke wangu nitamwita Kapinga. Wote wawili asili yetu ni Kasai. Babu zetu waliletwa huku kufanya kazi ya mgodi, sisi tumezaliwa hapa hapa. Tuna miaka sita ya ndoa. Mimba mbili zilitoka. Ya tatu ikashika, na akazaliwa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kama honi ya lori.

Nililia pale maternité, wodi ya wazazi, mbele za watu. Sioni haya kusema.

Siku ya tatu tukawa nyumbani. Kapinga alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwake. Anaongea bila kupumua. Anafua, anapanga masufuria, anarudi kufua zilezile nguo alizoanika. Kulala hakuna. Nikimwambia pumzika, anacheka, anasema usingizi ni wa wavivu.

Mi nikawa najitapa kwa washkaji: bibi yangu ni chuma! Ametoka kuzaa juzi, halali, na bado anapiga deki!

Wakuu, ugonjwa ulikuwa umeshaanza, na mimi nilikuwa nashangilia.

Siku ya tano asubuhi ananishika mkono, macho yamemtoka.

"Bako chini ya kitanda."

"Banani?"

"Bantu. Banachimba. Banaita mutoto na jina yake."

Sasa sikieni. Mahali pengine popote duniani, mkeo akikuambia kuna watu wanaongea chini ya kitanda, unamkimbiza hospitali. Kolwezi unachukua nyundo.

Nililala kifudifudi kwenye sementi, nikaweka sikio. Nikagonga. Nikasikia kitu kama kishindo kwa mbali. Malori ya madini yanapita barabara yetu kutwa nzima, nyumba inatikisika, lakini hilo halikunijia kabisa. Nikatoka moja kwa moja kwa jirani, Tata Kazadi (tata ni baba), mwenye shimo. Nikamtolea maneno ambayo humu mods watayafuta.

Mzee wa watu hakujibu kwa hasira. Akanifunga kamba, nikashuka mwenyewe na tochi. Njia yake ilikuwa inaelekea barabarani, upande mwingine kabisa. Chini ya nyumba yangu hapakuwa na mtu.

Nilivyorudi nilifanya nini? Badala ya kujiuliza sauti zinatoka wapi, nikamwambia Kapinga, "Nimewakataza. Wamehama."

Nilitaka tu atulie. Kumbe nimemthibitishia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba watu walikuwepo!

Akauliza, "Kama bamehama, juu ya nini bado banamuita?"

Nikachukua vifaa vyangu, nikaenda kazini.

Siku ya saba mambo yakawa serious. Kapinga akakataa kunyonyesha. Anasema wale wa chini wametia vumbi kwenye maziwa yake. Saa nyingine anamwangalia mtoto kama mgeni, anasema huyu si wake, wake wamembadilisha. Mtoto analia mpaka sauti inakauka. Tukawa tunampa maziwa ya kopo kwa kijiko, mengine anatema.

Nikampigia simu shangazi yangu, dada yake marehemu baba. Anakaa Tenke. Kwetu shangazi wa upande wa baba ni kama baba mwenyewe, akisema amesema. Na huyu ndiye aliyenilea. Nataka mjue si mchawi wala si mama mbaya. Alikuja siku hiyo hiyo, akambeba mtoto, akamwangalia Kapinga, akauliza maswali mawili matatu. Halafu akanivuta nje.

"Mwanangu, hii ni tshibawu."

Kwa wasiojua, ni hivi. Kwetu, mwanamke mwenye ndoa akishikwa na mwanaume mwingine, hata kushikwa tu, halafu akaficha, kosa halikai kimya. Linatokea kwa mume au kwa mtoto. Mtoto anakataa ziwa, anakonda, anakufa. Dawa yake ni mwanamke aseme mbele ya ukoo, amtaje mtu kwa jina, ndipo afanyiwe tambiko la kusafishwa. Tunaenda kanisani kila Jumapili na kwaya tunaimba. Lakini itaje tshibawu uone watu wanavyonyamaza, na mchungaji akiwemo.

Na mimi, fundi, mtu wa kusema siamini nisichokiona? Niliogopa. Zile mimba mbili zilizotoka zikanirudia kichwani. Nikasema, ahaa. Kumbe.

Hiyo "kumbe" ndiyo inayoniuma mpaka leo. Hakuna aliyenilazimisha.

Siku ya tisa, Jumapili, baada ya ibada, tukakaa sebuleni. Shangazi, wazee watatu wa ukoo, na mimi. Kapinga akawekwa kwenye mkeka katikati. Siku tisa hajalala sawasawa, midomo imepasuka, vidole vinacheza vyenyewe. Shangazi alikuwa amempakata mtoto.

Akamuuliza kwa upole kabisa, "Mama, sema tu. Hatukuchukii. Tunataka mutoto apone."

Kapinga akainua kichwa. "Ndiyo. Kuko bwana mwingine."

"Nani?"

"Ilunga."

Ilunga ni mwenzangu wa karakana. Tumefungua naye kazi, tumekula naye bukari, yaani ugali, sahani moja miaka na miaka. Mimba ya pili ilipotoka, yeye ndiye aliyekaa na mimi nje ya hospitali.

Sikungoja kusikia zaidi. Shangazi aliita, "Kaa chini!" Nikae wapi! Nilipita na spana kubwa iliyokuwa mlangoni.

Nilimkuta karakana, amechuchumaa mbele ya pampu, anapuliza chujio. Sikumsalimia. Nilimpiga begani, nikasikia mfupa. Akaanguka juu ya kompresa.

"Bibi yangu ametaja jina yako! Mbele ya ukoo!"

Wakuu, nilikuwa tayari kuua mtu. Nasema hivi nikijua maana yake. Nilikuwa nimeinua mkono mara ya pili.

Ilunga ameshika bega, jasho linamtoka, akaniangalia kama mtu anayesikia lugha asiyoijua. Hakujitetea. Akasema polepole:

"Kapinga? Kapinga ametaja mimi? Kaka, ile mwanamuke ata mukono wa salamu hanipe kama weye hauko pale. Kama anasema vile, kichwa yake haiko. Umemuacha na nani?"

"Na ukoo."

"Na mutoto?"

Sijui kwa nini hilo neno ndilo lililoniamsha. Spana ikanitoka mkononi. Nikakimbia.

Yaliyotokea sebuleni nyuma yangu nilikuja kusimuliwa baadaye na shangazi mwenyewe, huku analia. Nilivyotoka, Kapinga aliendelea kutaja. Akataja shemasi wa kanisa. Akataja baba yangu, ambaye alikufa kabla sijamjua Kapinga. Mwisho akasema, "Na ule fundi wa mapompe, mwenye kovu ku kidevu. Yeye pia anakuyaka kwangu usiku. Bwana yangu akijua, atamuua."

Mwenye kovu kidevuni ni mimi.

Wazee wakatazamana. Lakini hapo hapo Kapinga akanyoosha mikono, akaomba mtoto anyonye. Wakampa. Na mtoto, kwa njaa yake, akanyonya! Shangazi akapiga kigelegele. Akasema, mtoto amekubali ziwa, imekwisha! Wakatoka uani kupanga habari ya tambiko, wakamwacha mle ndani peke yake na mtoto.

Kapinga akatoka na mtoto kwa mlango wa jikoni.

Mi niko kwenye kona ya mtaa nasikia makelele kwa Tata Kazadi. "Mwanamuke! Mwanamuke ku shimo! Mumutoe!"

Hapa tena lazima niwaeleze. Creuseur hawataki mwanamke akaribie mdomo wa shimo. Wanasema madini yanakimbia. Na kama ni mwanamke aliye kwenye siku zake au ametoka kuzaa, ndiyo kabisa, wanaamini shimo litawafukia. Wanamfukuza kwa matusi, kwa mawe, hawajali ni mama wa nani. Kwa mwanamke ni dharau kubwa, na siitetei.

Lakini siku ile, wale vijana walipomwona mama mzazi wa siku tisa, miguu peku, ana kichanga kwenye kitenge, anainua turubai, hawakuwaza kwamba anataka kujitupa. Waliwaza madini yao. Wakamvamia kwa hasira, wanne kwa mpigo, wakamvuta nyuma kwa kitenge.

Nilivyofika, Kapinga amekaa chini, ametulia kuliko mtu yeyote pale. Mmoja wa wale vijana amembeba mwanangu kwa mikono iliyonyooka mbele, kama amebeba kitu cha moto. Mtoto alikuwa analia. Nilishukuru Mungu kwa kile kilio.

"Nilikuwa namurudisha," Kapinga akaniambia. "Kwa benyewe. Banamuita sana, na weye haukutaka kusikia."

Nikaangalia ndani ya lile shimo nililoshuka mwenyewe siku nne nyuma. Halina mwisho kwa macho. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Shangazi akafika, anasema tumrudishe ndani, tambiko lifanyike haraka kabla ya jua kuzama. Aliyemkatiza ni Ilunga. Alikuwa amenifuata kwa miguu, mkono mmoja ameushikilia na mwingine. Akasema neno moja tu. "Hospitali."

Tulienda kwenye gari moja. Mimi, mke wangu, mtoto, na mtu niliyemvunja bega.

Hospitali tulipokelewa na mkunga mmoja mtu mzima, nitamwita Mama Rejine. Akauliza amejifungua lini, analala saa ngapi, anasikia nini. Nikamweleza kila kitu mpaka watu wa chini ya kitanda, nikingoja ashtuke. Hakushtuka hata kidogo. Alikuwa anaandika tu.

Akauliza, "Nyumbani mulimufanyia nini?"

Nikasema tulimwungamisha.

Akaweka kalamu chini. "Tata, muntu mwenye malaria ya kichwa, unaweza kumuuliza zambi zake?"

Alinifafanulia hivi, nawaandikia kama nilivyoelewa mi fundi. Mwanamke akiwa na mimba, homoni zake za kike, estrojeni na projesteroni, zinapanda sana, miezi na miezi. Kondo la nyuma likitoka, zinaporomoka ndani ya siku chache tu. Na hizo homoni hazifanyi kazi tumboni peke yake, zinafika mpaka kwenye ubongo, zinagusa usingizi, woga, furaha, hasira. Wanawake wengi wanalialia siku mbili tatu, yanapita. Wengine wanaingia kwenye huzuni ndefu, wanahitaji msaada. Na wachache, ubongo unavurugika kabisa: hawalali na hawasikii kuchoka, wanasikia sauti, wanaamini kitu ambacho hakipo kama wewe unavyoamini simu iliyoko mkononi mwako.

Akasema si homoni peke yake. Kukosa usingizi kunachochea moto. Na kama mama yake au dada yake aliwahi kupata, hatari inakuwa kubwa zaidi. Kitu hiki kinatibika, ila ni cha kukimbia nacho hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu mama anaweza kujidhuru au kumdhuru mtoto huku anaamini anamwokoa.

Nikamuuliza nililotaka kumuuliza tangu mwanzo. Je, homoni zinaweza kumfanya mtu akiri asichokifanya?

Akaniangalia bila huruma. "Alisikia bantu ba chini ya udongo banaita mutoto. Halafu bantu bakubwa batano banamukalia, banamuuliza jina ya mwanaume. Ulizani atasema nini?"

Siku ile ile nilimpigia dada mkubwa wa Kapinga. Akaanza kulia. Mama yao, alipojifungua kitinda mimba, alifanya vile vile. Hakulala, akaongea na watu wasioonekana. Akaungamishwa, akataja mtu, akarudishwa kwao Kasai. Wao walikua wakiambiwa mama yenu ni malaya. Mama alikufa huko, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza tena kama ilikuwa kweli.

Wakuu, nilikata simu nikarudi kukaa kando ya kitanda cha Kapinga.

Dawa zilianza kumlaza siku ya kwanza. Sauti zilichukua zaidi ya wiki kuondoka. Walituagiza asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja, tukapokezana mimi na dada yake. Wiki ya tatu, asubuhi, ninamnawisha uso, akauliza, "Mutoto amekula?" Akamtaja kwa jina. Nilitoka nje ya wodi nikalia kama siku ile ya maternité.

Sasa tuko nyumbani. Anaendelea na dawa, anaenda kliniki. Mama Rejine ameshatuambia, mimba nyingine ikija, waambiwe mapema kabisa, maana inaweza kujirudia.

Ukoo? Shangazi alirudi kutoka Tenke na wale wazee. Anasema ugonjwa sawa, lakini jina limeshatamkwa mbele ya watu, lazima lisafishwe. Mnanijua sasa, mi ni mtu wa hasira za karibu. Siku ile sikupandisha hata sauti. Nikawaambia mke wangu hana kosa la kusafisha, na atakayelitaja tena nyumbani kwangu asirudi. Shangazi alilia, akachukua kibegi chake. Mpaka leo hapokei simu yangu. Nampenda. Lakini hapo sirudi nyuma.

Ilunga bega lake limepona, ingawa mkono haupandi vizuri. Nilienda kumpigia magoti mbele ya mke wake na wazazi wake. Akasema amesamehe. Amehamishia kazi zake karakana nyingine, na mimi siwezi kumlaumu.

Fundisho, kwa wale mnaotaka fundisho: mkeo akijifungua, muangalie na yeye, usimuangalie mtoto tu. Akikosa usingizi hata pale mtoto amelala, akawa na furaha au woga unaopita kiasi, akasema mambo yasiyoeleweka, usimpeleke kwa mchungaji kwanza, wala kwa ukoo, wala usijisifu kwamba umeoa chuma. Hospitali. Na umuulize mama mkwe, au dada zake, kilitokea nini kwao. Kwenye familia zetu aibu inaficha magonjwa mengi.

Nilitaka kuishia hapo, lakini niliahidi kweli yote.

Wiki iliyopita Kapinga ananyonyesha, mimi nakaza skrubu ya jiko. Anakumbuka karibu kila kitu, ndiyo shida ya ugonjwa huu. Akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Nilivyotaja Ilunga, uliamini?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Niliamini."

Akambadilisha mtoto ziwa la pili. Akasema, "Miaka sita niko na akili yangu yote. Nikisema nilikuwa ku soko, unauliza mara mbili. Nikisema nilikuwa ku kwaya, unauliza mara mbili. Siku moja tu haukuuliza. Siku nilikuwa mugonjwa."

Sijamjibu mpaka leo. Tunakula, tunalala, tunamcheka mtoto, lakini jibu sina, na najua analingoja.

Wakuu, mliooa na hata msiooa, na hasa akina mama mlioko humu: mngekuwa mimi, mngemwambia nini? Matusi nimeyakubali tangu mwanzo. Ila katikati ya matusi, mwenye jibu aniandikie.